Roz Savage: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwanamke aliyevuka bahari kuu tatu kwa makasia

Maswali haya huibuka kila jina la Roz Savage linapotajwa. Penye mengi ya kusema nimejibu kwa urefu. Penye jibu moja, nimejibu mara moja.

Roz Savage ni nani hasa?

Ni Mwingereza, aliyezaliwa Desemba 23, 1967, huko Cheshire. Wazazi wake wote wawili walikuwa wahubiri wa Kimethodisti. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Oxford, na huko ndiko alikojifunza kupiga makasia, tena mtoni, kwenye maji yaliyotulia. Baada ya masomo alifanya kazi za ofisini kwa miaka 11 jijini London, kwanza katika kampuni ya ushauri wa biashara, kisha katika benki kubwa ya uwekezaji.

Dunia inamfahamu kwa jambo moja. Kati ya mwaka 2005 na 2011 alivuka Atlantiki, Pasifiki na Bahari ya Hindi akiwa peke yake ndani ya mashua ya makasia. Hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka zote tatu kwa njia hiyo kabla yake. Ukijumlisha safari zote unapata takriban kilomita 24,000, zaidi ya siku 500 baharini, na mapigo ya kasia yanayokadiriwa kufika milioni 5.

Kwa hiyo ndiye mwanamke wa kwanza kuvuka bahari kuu kwa makasia?

Hapana, na hapa ndipo habari nyingi huchanganya mambo. Inafaa kila mmoja apewe chake.

Sylvia Cook, Mwingereza, alivuka Pasifiki pamoja na John Fairfax. Walitoka San Francisco mwaka 1971, wakafika Australia mwaka 1972 baada ya siku 361. Huyo ndiye aliyetangulia, ila hakuwa peke yake chomboni. Mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake ni Mmarekani Tori Murden. Mwaka 1998 kimbunga Danielle kilimpinduapindua hadi ikabidi aokolewe na meli ya mizigo. Mwaka uliofuata alirudi, safari hii akitokea Visiwa vya Canary, akafika Guadeloupe Desemba 3, 1999, baada ya siku 81. Upande wa Bahari ya Hindi, Sarah Outen, naye Mwingereza, aliivuka peke yake mwaka 2009 akiwa na miaka 24 tu, kutoka Fremantle, Australia, hadi Mauritius kwa siku 124.

Cha kwake Roz ni viwili: mwanamke wa kwanza kuvuka Pasifiki peke yake, na mwanamke wa kwanza kukamilisha bahari hizo tatu peke yake. Ni vingi vya kutosha, hahitaji kuongezewa vya wenzake.

Ilikuwaje mtu mwenye kazi nzuri benki aingie baharini?

Alipokuwa anaikaribia miaka 35 alikaa chini akaandika tanzia yake mwenyewe, mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maisha aliyotamani kuishi: ya kuthubutu, yenye kufaulu na kushindwa. Ya pili ilikuwa ya maisha aliyokuwa nayo, yaani mshahara, nyumba, mume, mwendo uleule hadi mwisho. Alipozilinganisha aliona kwamba zinakwenda njia mbili tofauti kabisa.

Watu hupenda kusimulia kwamba siku ya pili alinunua mashua. Haikuwa hivyo, na nadhani ni vizuri isemwe wazi. Ilichukua miaka. Ndoa ilivunjika, kazi akaiacha, mwaka 2003 akaenda Peru. Katika kipindi hicho alisoma na kutafakari sana juu ya jinsi binadamu anavyoitumia dunia, akatoka na hakika kwamba anataka kulisemea jambo hilo. Lakini nani angemsikiliza mfanyakazi wa zamani wa benki? Hapo ndipo wazo la bahari lilipoingia. Alihitaji kufanya kitu kitakachowafanya watu wageuze shingo, halafu awaambie alichonacho moyoni. Akaweka akiba yake kwenye mashua.

Mashua yenyewe ikoje? Ina injini? Ina tanga?

Haina injini wala tanga. Ina urefu wa mita 7 na upana usiofika mita 2. Katikati pako wazi, ndipo penye kiti kinachoteleza mbele na nyuma kwenye reli ili miguu nayo ifanye kazi. Upande wa tezi, yaani nyuma, kuna kijichumba cha kulala, upande wa omo, yaani mbele, kuna chumba cha shehena. Vyumba hivyo viwili, vikifungwa vizuri visiingize maji, hubaki vimejaa hewa, na ndivyo vinavyoirudisha mashua ikae sawa inapopinduka. Maji ya akiba yanayowekwa chini sakafuni nayo husaidia, kwa sababu uzito wake unavuta chini.

Juu kuna paneli za sola zinazochaji betri. Betri zinaendesha taa, simu ya setilaiti, kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, na mtambo mdogo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Mtambo huo ndio roho ya safari. Mtu anaweza kuvumilia njaa kwa muda, lakini kiu hakina subira.

Katika Atlantiki mashua iliitwa Sedna Solo. Katika Pasifiki ilichukua jina la kampuni iliyomdhamini, Brocade.

Safari ya kwanza ilikwendaje?

Vibaya, karibu kila siku, na bado alifika.

Aliondoka La Gomera, Visiwa vya Canary, Novemba 30, 2005, katika mashindano ya kuvuka Atlantiki kwenda kisiwa cha Antigua, Karibea. Alikuwa mwanamke pekee aliyeshindana bila mwenzake chomboni. Mwaka huo bahari ilichafuka kuliko ilivyotarajiwa, na boti kadhaa hazikumaliza. Mabega yalimuuma mapema kwa sababu ya kano zilizovimba. Matako yalitoka vidonda vya chumvi. Miaka 38 aliitimiza huko huko, siku mbili kabla ya Krismasi.

Kisha vitu vikaanza kuharibika kimoja kimoja. Jiko lilikufa, hivyo chakula kikawa cha baridi hadi mwisho. Redio ya muziki ikanyamaza. Makasia yote manne, mawili ya kutumia na mawili ya akiba, yalivunjika kabla hajafika hata nusu ya njia. Fikiria hali hiyo: uko katikati ya bahari, chombo chako kinakwenda kwa makasia tu, na huna kasia zima hata moja. Hakuna fundi wala duka, na hakuna atakayekuja kwa haraka. Aliyaunga vipande vyake kwa kuvifungia gango na kuvizungushia utepe mgumu wa gundi, akaendelea kuvuta. Kiungo kilipolegea alifunga upya. Makasia ya viraka ndiyo yaliyomfikisha.

Zikiwa zimebaki siku 24 simu ya setilaiti nayo ikafa. Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa akipokea habari na kuzipeleka kwa wafuatiliaji, alibaki hana neno lolote kutoka kwa bintiye zaidi ya alama inayoonyesha mahali mashua ilipo. Roz mwenyewe amewahi kueleza kwamba siku hizo za kimya, ambazo mtu angedhani ndizo mbaya kuliko zote, zilimfunza kutulia. Hakukuwa tena na wa kumpa pole wala wa kumpa ushauri, kwa hiyo akaacha kulalamika. Machi 13, 2006, siku ya 103, aliingia English Harbour, Antigua. Mama yake alikuwa amesimama pale anamsubiri.

Alikuwa akipiga makasia saa ngapi kwa siku?

Lengo lake lilikuwa saa 12, zikigawanywa kwa zamu na mapumziko mafupi katikati. Usiku alilala chumbani mwake, mashua ikipelekwa na upepo na mkondo. Upepo ukiwa mzuri unaamka ukiwa umesogea bila jasho. Ukiwa mbaya unaamka umerudi nyuma, kazi ya jana yote imefutika. Wapiga makasia wa bahari kuu wengi husema hilo ndilo linalovunja moyo kuliko mawimbi.

Upepo ukikataa kabisa, kuna nanga ya baharini, ambayo kwa kweli ni mwavuli mkubwa wa turubai unaofunguka ndani ya maji. Haigusi chini, lakini inashika maji na kupunguza mwendo wa kurudi nyuma.

Alikula nini?

Chakula kikavu cha kuongezwa maji, matunda makavu, njugu, na vipande vya vyakula vilivyoshindiliwa vya kutafuna. Kitu alichokipenda zaidi ni mbegu na dengu alizozichipusha mwenyewe ndani ya mashua, ili apate kitu kibichi cha kijani.

Na choo?

Ndoo.

Je, ni kweli aliwahi kushindwa?

Ni kweli. Agosti 2007 aliondoka Crescent City, kaskazini mwa California, kwa nia ya kuianza Pasifiki. Pwani ile ni ngumu kuitoka. Upepo wa huko huvuma kutoka kaskazini-magharibi, unakusukuma kurudi nchi kavu na kukuteremsha kusini kwa wakati mmoja, na mpaka uvuke ukanda huo huna safari. Hakuvuka. Bahari ilichafuka, mashua ikapinduka mara tatu ndani ya muda mfupi, akaumia kichwa, na hatimaye helikopta ya Walinzi wa Pwani ya Marekani ikamchukua. Mashua iliachwa inaelea, baadaye timu yake ikaifuata kwa meli na kuiokoa.

Alisemwa sana. Wapo waliomwambia kwamba ametia waokoaji hatarini kwa ajili ya jina lake. Kuna haki fulani katika hoja hiyo, kwa maana mwokoaji naye ana watoto nyumbani. Lakini ukitazama alichofanya baadaye utaona kwamba aliichukua kwa uzito. Mwaka uliofuata alibadilisha mahali pa kuondokea na msimu wa kuondoka, na akairekebisha mashua. Mei 25, 2008 alipita chini ya daraja la Golden Gate, San Francisco, akaelekea Hawaii.

Pasifiki aliivuka kwa awamu tatu. Hiyo inahesabika?

Inahesabika, na rekodi yake inatambuliwa. Tuzione awamu zenyewe kwanza.

Ya kwanza, mwaka 2008, ilikuwa San Francisco hadi Hawaii, siku 99. Ya pili, mwaka 2009, alitoka Hawaii akikusudia kufika Tuvalu. Karibu na ikweta kuna mkondo unaokwenda mashariki, kinyume na alikokuwa anakwenda, na pepo za huko hazitabiriki. Maji ya kunywa yalianza kuwa mashaka, akageuza omo na kutua Tarawa, Kiribati, baada ya siku 104. Ya tatu, Aprili hadi Juni 2010, Tarawa hadi Madang, Papua New Guinea, siku 46.

Wanaobisha wanasema kuvuka ni kuvuka, usipumzike nchi kavu. Mimi naona hivi. Kila awamu aliianza palepale ilipoishia ile ya nyuma, hakuruka hata kipande. Jumla yake ni karibu siku 250 za kuvuta makasia bila mwenzake. Peter Bird, mwanaume anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuvuka Pasifiki peke yake, alikwenda kwa mkupuo mmoja wa siku 294 katika mwaka 1982 na 1983, na mwishoni alichukuliwa na meli ya jeshi la Australia kwenye miamba ya Great Barrier Reef, nchi kavu ikiwa karibu. Naye alihesabiwa, na ni halali kabisa. Atakayekuja akavuka kwa mkupuo mmoja atapewa heshima ya mkupuo mmoja. Ya Roz iko palepale.

Ni kweli alikutana na chelezo cha chupa za plastiki katikati ya bahari?

Ndiyo, na hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote katika maisha yake.

Mwaka 2008, akiwa njiani kwenda Hawaii, mtambo wake wa kuondoa chumvi uliharibika. Maji ya akiba yalikuwepo, lakini yalikuwa yanapungua. Wakati huohuo wanaume wawili, Marcus Eriksen na Joel Paschal, walikuwa wanaelekea Hawaii wakitokea Long Beach, California, kwa chelezo kilichoitwa JUNK. Kilikuwa kimeundwa kwa chupa za plastiki takriban 15,000 zilizofungwa ndani ya nyavu, na juu yake wameweka kiunzi cha ndege ndogo kama kibanda. Kilikwenda polepole mno kuliko walivyokadiria, na chakula kikaanza kuwaishia.

Yeye ana chakula, hana mtambo wa maji. Wao wana maji na mtambo wa akiba wa kupampu kwa mkono, hawana chakula. Walipeana taarifa za mahali walipo kwa simu za setilaiti, wakatafutana. Hebu fikiria ugumu wa vyombo viwili vya mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu kukutana mahali ambapo hakuna alama yoyote ila maji. Wakakutana. Eriksen akazama na mkuki wake, akaibuka na samaki aitwaye falusi. Wakala pamoja, yeye akawagawia chakula, wao wakampa mtambo wa mkono, kila mmoja akashika njia yake. Wote walifika Hawaii salama, na wote walikuwa wamekwenda kwa ajili ya kusema jambo lilelile: kwamba plastiki tunayoitupa haipotei, inaishia huko.

Kwa nini alificha mahali alipokuwa anakwenda katika Bahari ya Hindi?

Kwa sababu ya maharamia. Safari hiyo ilikuwa mwaka 2011, wakati maharamia wa Kisomali walikuwa wamefika kilele. Hawakuwa tena watu wa kuvizia karibu na pwani ya Somalia; walikuwa wanateka vyombo mbali sana, hadi maji ya Shelisheli na zaidi. Wanandoa Waingereza waliotekwa kwenye jahazi lao karibu na Shelisheli Oktoba 2009 walikaa mateka zaidi ya mwaka mmoja. Mwanamke mmoja, Mwingereza, anayejulikana, kwenye mashua isiyoweza kukimbia chochote, angekuwa mawindo rahisi.

Kwa kawaida wafuatiliaji wake waliona kwenye ramani alipofikia kila siku. Safari hii ramani ilifungwa na bandari ya kufikia haikutajwa. Wazo la awali la kuelekea India lilikuwa limeachwa. Kutoka Australia ya Magharibi alivuta makasia hadi Mauritius, akatua Oktoba 4, 2011, baada ya siku 154, safari ndefu kuliko zote alizowahi kufanya kwa mkupuo mmoja.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuielewa njia hiyo vizuri. Pepo za kusi-mashariki zilizomsukuma kutoka upande wa Australia ndizo zinazokunja kufuata pwani yetu na kuwa kusi. Kwa hiyo kosa lake kubwa lingekuwa kupelekwa kaskazini mno, akaipita Mauritius. Mbele ya hapo mkondo unaelekea Madagaska na pwani ya bara, na kaskazini yake yapo maji ambayo mwaka ule hata meli kubwa ziliyapita na walinzi wenye silaha.

Je, lazima uwe na mwili wa miraba minne?

Roz ni mwanamke wa umbo la kawaida, urefu wake kama mita 1.63. Katika hotuba yake ya mwaka 2010 kwenye jukwaa la mihadhara la TED alieleza kwamba watu wanaposikia kazi yake humtarajia mtu mrefu, mpana, mwenye nywele tele mwilini. Nguvu zinahitajika, lakini nguvu za siku moja hazikufikishi popote ukiwa na siku 100 mbele yako. Mwendo ni wa polepole. Atlantiki ni kama kilomita 4,800 kwa siku zile 103, yaani chini ya kilomita 50 kwa siku, hapo ukihesabu na msaada wa upepo. Kinachotakiwa ni kuamka na mikono iliyokakamaa, vidole havikunjuki, na kukaa tena kwenye kiti.

Papa je?

Ni swali la kwanza la kila mtoto. Hatari yao ni ndogo kwa aliye ndani ya mashua. Zinazotisha kweli ni meli kubwa, maana nahodha aliye juu ghorofani hawezi kuona kijimashua cha mita 7 kati ya mawimbi usiku.

Wanawake gani wamefuata?

Ni wengi kuliko ninavyoweza kuwataja. Sarah Outen alirudi baharini na mwaka 2013 akavuka kutoka Japani hadi Alaska kwa siku 150. Jasmine Harrison alivuka Atlantiki peke yake mwaka 2021 kwa siku 70, akiwa na miaka 21, umri ambao Roz alikuwa bado anapiga makasia ya mtoni.

Yuko wapi sasa?

Bahari ya Hindi ilikuwa ya mwisho. Mwaka 2013 alipewa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza, kwa mchango wake katika mazingira na kuchangisha fedha za hisani. Aliandika vitabu, akahutubia, akafundisha.

Julai 2024 alichaguliwa kuwa mbunge wa South Cotswolds kupitia chama cha Liberal Democrats. Alichokifanya bungeni kinaungana moja kwa moja na kilichompeleka baharini. Alipata nafasi ya kuwasilisha muswada binafsi, akauchagua Muswada wa Tabianchi na Asili, unaotaka serikali iwe na malengo yanayofungamana na sheria juu ya kupunguza hewa ukaa na kurejesha uhai wa nchi na bahari kwa pamoja. Ulijadiliwa Januari 24, 2025. Serikali haikuunga mkono, mjadala ukaahirishwa kwa kura, na muswada ukakwama hapo. Yeye bado ni mbunge, na anaendelea kuusemea.